Kupima Pamba Ingali Kinuni: Vihisi na Kamera katika Kazi ya Uchambuaji

0. Utangulizi

Kiswahili kina maneno mawili ya zamani ya kuainisha pamba. Katika masoko ya Tanganyika na Uganda pamba nyeupe isiyo na taka iliitwa safi, na ile iliyobadilika rangi, iliyoharibiwa na wadudu au kuchanganyika na majani, iliitwa fifi. Maneno hayo yalimtosha mnunuzi aliyesimama penye mizani: jicho lilitazama, mkono ukapapasa, hukumu ikatolewa, na bei ikafuata hukumu. Huko Kongo nako, ambako kilimo cha pamba kilifanywa cha lazima tangu mwaka 1917, zao la mkulima liligawanywa katika daraja la kwanza na la pili, na tofauti ya madaraja hayo ilikuwa tofauti ya fedha mkononi.

Katika nchi zilizoendelea kiufundi hukumu ya jicho imeachia nafasi yake vyombo vya kupimia. Mabadiliko hayo yana hatua mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Hatua ya kwanza ni kupima pamba iliyokwisha kuchambuliwa na kufungwa, ili ijulikane ithamanishwe vipi. Hatua ya pili ni kupima pamba ingali inapita kinuni, ili ijulikane itendewe nini. Makala haya yanahusu hatua hiyo ya pili. Mfano unaofuatwa ni wa Marekani, ambako Wizara ya Kilimo ina maabara za uchambuaji wa pamba huko Stoneville katika jimbo la Mississippi, Lubbock katika Texas, na Mesilla Park katika New Mexico, na ambako utafiti juu ya jambo hili umechapishwa kwa wingi.

Hoja itakayofafanuliwa ni hii: kinu hakiongezi ubora wa nyuzi, kinaweza kuuhifadhi au kuupunguza tu. Kwa hiyo faida kubwa ya kihisi na kamera ni kumwambia fundi wa kinu aache kusafisha wakati gani.

1. Kazi ya kinu na gharama yake

Pamba inayoletwa kinuni ni mbegu zilizofunikwa kwa nyuzi, zikiwa zimechanganyika na majani makavu, vijiti, maganda ya vitumba, mchanga na maji. Theluthi moja hivi ya uzito huo ndiyo nyuzi. Kazi ya kinu ni kuzitenga nyuzi na vingine vyote.

Katika kinu cha misumeno, ambacho asili yake ni mashine ambayo Eli Whitney aliipatia hataza mwaka 1794, pamba hupita katika hatua kadhaa zinazofuatana. Kwanza hukaushwa kwa hewa ya moto. Pili hupigwapigwa na kukung'utwa katika mashine za kusafishia ili vijiti na majani vianguke. Tatu huingia katika mashine ya kuchambua yenyewe, ambamo meno ya misumeno ya duara huzivuta nyuzi kupitia nafasi nyembamba zilizo baina ya mbavu za chuma. Mbegu, kwa kuwa ni nene, haziwezi kupita, nazo huanguka chini. Nne nyuzi hupitishwa katika visafishi vya nyuzi, ambavyo huzichana na kuzipigisha kwenye kingo za chuma ili vipande vidogo vya majani vitoke. Mwisho hushindiliwa kuwa robota, ambalo huko Marekani huwa na kilo 218 hivi za nyuzi.

Mpangilio huo mrefu haukuwako tangu mwanzo. Pamba ilipokuwa ikichumwa kwa mkono, taka zilikuwa chache. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mashine za kuvuna zilienea Marekani, nazo zilichuma pamba pamoja na majani na vijiti. Ndipo vinu vilipolazimika kuongezewa vikausho na visafishi, na katika miaka ya 1950 visafishi vya nyuzi vyenye misumeno vikawa jambo la kawaida.

Kila mashine iliyoongezwa ina malipo na gharama. Kisafishi cha nyuzi huondoa majani, na pamba hupanda daraja. Lakini hukata baadhi ya nyuzi, huongeza idadi ya nyuzi fupi, hutengeneza vifundo vidogo vinavyoonekana baadaye kama madoa katika kitambaa kilichotiwa rangi, na huondoa pamoja na taka kiasi fulani cha nyuzi nzuri ambazo zingepimwa na kulipiwa. Tena kisafishi cha kwanza hufanya kazi kubwa zaidi. Cha pili hupata taka chache za kuondoa, huku madhara yake kwa nyuzi yakiendelea.

Joto nalo lina utata wa namna hiyo hiyo. Pamba kavu huachia taka kwa urahisi, kwa hiyo fundi anayetamani daraja la juu huvutiwa kuongeza moto. Walakini uimara wa uzi wa pamba hupungua kadiri maji yake yanavyopungua. Uzi uliokaushwa kupita kiasi hukatika pale msumeno unapouvuta, badala ya kung'oka kwenye mbegu ukiwa mzima. Kitabu cha mwongozo wa wachambuaji kilichotolewa na Wizara ya Kilimo ya Marekani mwaka 1994, chini ya uhariri wa W. S. Anthony na William D. Mayfield, hushauri unyevu wa asilimia 6 hadi 7 wakati wa kutenga nyuzi na mbegu, na huonya kwamba joto katika sehemu yoyote ya vikausho lisizidi digrii 177 za Selsiasi. Pamba yenye maji mengi, kwa upande wake, hujiviringa mabonge, huficha taka, na huweza kuziba mitambo.

Fundi wa kinu, basi, hufanya kazi katika njia nyembamba yenye hasara pande zote mbili, na pamba yenyewe haifanani: shehena ya asubuhi ina umande, ya alasiri ni kavu, shamba moja lina magugu, jingine halina.

2. Hukumu inayofika baada ya tendo

Kwa muda mrefu fundi huyo alitegemea macho, vidole na mazoea. Taarifa ya kweli ilimfikia baadaye. Baada ya robota kufungwa, sampuli zilikatwa pande zake mbili zikapelekwa katika ofisi ya kupangia madaraja. Huko wataalamu waliofunzwa kwa miaka walilinganisha sampuli na vielelezo rasmi.

Upande wa upimaji huo wa mwisho vyombo viliingia polepole. Karibu na mwaka 1950 Dorothy Nickerson wa Wizara ya Kilimo na Richard Hunter walitoa chombo cha kupimia rangi ya pamba. Baadaye vilikusanywa katika mtambo mmoja vyombo vya kupimia urefu, uimara, rangi, taka na ile sifa iitwayo mikroneri. Sifa hiyo hupatikana kwa kupitisha hewa katika nyuzi za uzito maalumu zilizobanwa katika nafasi maalumu: nyuzi nyembamba au changa huizuia hewa zaidi, na nyuzi nene huipitisha kwa urahisi. Tangu mwaka 1991 pamba yote iliyopangwa madaraja na Wizara hiyo hupimwa kwa mitambo ya namna hiyo.

Maendeleo hayo yalimpa mnunuzi wa kiwanda cha nguo tarakimu za kuaminika, lakini fundi wa kinu alibaki alipokuwa. Matokeo yalipomrudia, pamba aliyoipimiwa ilikuwa imekwisha kufungwa, na uzi uliokatwa hauungwi tena. Swali lililobaki lilikuwa kama upimaji huo unaweza kusogezwa nyuma, hadi ndani ya kinu.

3. Vihisi vya unyevu

Kihisi ni chombo kinachogeuza hali fulani ya kitu kuwa ishara ya umeme inayoweza kusomwa na kuhesabiwa. Katika kinu hali ya kwanza inayohitaji kuhisiwa ni unyevu, kwa sababu ndio unaotawala mengine yote.

Njia tatu hutumika. Ya kwanza hupima ukinzani wa umeme. Pamba kavu huuzuia umeme sana, na pamba yenye maji huupitisha kwa wepesi zaidi. Pamba ikibanwa baina ya vipande viwili vya chuma, ukinzani wake huonyesha unyevu wake. Njia hii ni rahisi na ya bei nafuu, lakini huhitaji pamba ibanwe kwa nguvu ile ile kila mara, kwani pamba iliyolegea ina hewa nyingi ndani yake.

Njia ya pili hutumia miale ya infraredi, ambayo jicho halioni. Maji hufyonza baadhi ya miale hiyo zaidi ya nyingine. Chombo huangaza pamba kwa miale inayofyonzwa na maji na kwa miale isiyofyonzwa, kisha hulinganisha kiasi kinachorudi katika kila namna. Chombo hakiigusi pamba, lakini husoma uso wake tu.

Njia ya tatu ni ya mawimbi mafupi ya redio yanayopenya robota lote. Maji yaliyomo huyapunguzia mawimbi nguvu na kuyachelewesha. Njia hii hufaa mwishoni mwa kinu, ambako ni lazima kujua kwamba robota halikufungwa likiwa na maji mengi. Nyuzi zilizofungwa na maji mengi hubadilika rangi ghalani na huweza kuoza.

4. Kamera: rangi na taka

Hali ya pili ni rangi, na ya tatu ni taka. Zote mbili husomwa kwa macho ya kamera.

Rangi ya pamba huelezwa kwa vipimo viwili. Kimoja ni mng'ao, yaani asilimia ya nuru inayorudishwa na pamba. Kingine ni kiwango cha umanjano. Pamba iliyofunguka majuzi ina mng'ao mkubwa na umanjano mdogo. Iliyonyeshewa ikiwa shambani hupoteza mng'ao na kuwa ya kijivu. Iliyopigwa na baridi kabla ya kukomaa, au kushambuliwa na kuvu, huongeza umanjano. Kwa vipimo hivyo viwili neno fifi hupata maana mbili tofauti: kufifia kwa mng'ao ni jambo moja, kuingiwa na umanjano ni jingine, na sababu zake si zile zile.

Taka hupimwa kwa kuigawa picha katika nukta nyingi ndogo. Kila nukta ina tarakimu ya mwanga wake. Programu huwekewa mpaka: nukta yenye giza kupita mpaka huo huhesabiwa kuwa taka. Kwa mfano, picha yenye nukta 300,000 ikiwa na nukta 1,500 za giza, eneo la taka ni asilimia 0.5. Pamoja na eneo huhesabiwa pia idadi ya vipande, maana jani moja pana na unga wa majani uliotapakaa vinaweza kuwa na eneo sawa, lakini jani huondolewa kwa urahisi na unga ule hung'ang'ania nyuzi.

Maelezo hayo ni mepesi kuliko kazi yenyewe. Pamba husafiri kinuni ikisukumwa na upepo mkali, ikiwa mafumba yaliyotawanyika. Kamera ikielekezwa hapo tu, ingeona vivuli na kuvihesabu kuwa taka. Kwa hiyo kibao huinasa pamba kidogo na kuibana kwenye kioo, picha hupigwa, kisha pamba huachiwa iendelee na safari. Kioo huchafuka, taa huzeeka na mwanga wake hubadilika, hivyo chombo hupaswa kusahihishwa mara kwa mara kwa kutazamishwa vigae vyenye rangi inayojulikana. Na pamba ikiwa bado na mbegu, nyuzi zake zimekunjana na taka zimejificha ndani. Namba inayopatikana hapo ni makadirio ya kile kitakachoonekana baadaye.

5. Kutoka kupima hadi kuamua

Namba peke yake haisafishi pamba. Kazi iliyofanywa na Anthony na wenzake huko Stoneville ilikuwa kuunganisha vipimo na maamuzi. Katika mfumo wao vituo vya upimaji viliwekwa mahali patatu: kabla ya kukausha, karibu na mashine ya kuchambua, na baada ya kusafisha nyuzi. Kila kituo kilisoma unyevu, rangi na taka, na kompyuta ikapokea habari zote.

Kompyuta hiyo ilipewa pia maarifa juu ya kila mashine: hupunguza taka kwa kiasi gani, hupunguza urefu wa nyuzi kwa kiasi gani, na huondoa uzito gani. Kwa maarifa hayo iliweza kulinganisha njia mbalimbali ambazo pamba ile ingeweza kupita, na kukadiria thamani ya robota mwishoni mwa kila njia. Njia yenye faida kubwa ilipopatikana, vali zilifunguliwa au kufungwa, na pamba ikapitishwa katika mashine zilizohitajika na kuzungushwa pembeni mwa zisizohitajika. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Zellweger Uster iliuingiza mfumo huo sokoni kwa jina la IntelliGin.

Jambo la kuzingatia ni mwelekeo wa maamuzi hayo. Mtu angetarajia kwamba chombo chenye macho makali kingedai usafishaji zaidi. Lakini palipokuwa na pamba safi, hesabu ilionyesha kwamba kisafishi cha pili hakikuongeza daraja, bali kilipunguza uzito na kuzidhuru nyuzi. Fundi asiye na kipimo husafisha kwa hofu: huwasha mashine zote ili asilaumiwe kwa pamba chafu. Kipimo humruhusu kuacha. Mkulima hubakiwa na kilo ambazo zingetupwa, mwenye kinu huokoa kawi, na msokotaji hupata nyuzi ndefu zaidi.

6. Bei ndiyo inayotoa amri

Hata hivyo, kompyuta inayotafuta faida kubwa hufuata orodha ya bei iliyopewa. Kile kinachopandishiwa au kushushiwa bei katika orodha hiyo, mfumo hukilinda. Kisichotajwa, mfumo haukioni hata kama kihisi kingeweza kukipima. Taka za majani, rangi, urefu, uimara na mikroneri vina uzito wake katika bei za Marekani. Kiasi cha nyuzi fupi na idadi ya vifundo, ambavyo msokotaji huvijali mno, havimo katika vigezo rasmi vya kupangia madaraja huko.

Kwa hiyo panaweza kutokea pamba iliyo bora kwa orodha ya bei na duni kwa mashine ya kusokota. Kasoro hiyo si ya kamera wala ya programu. Ni ya mkataba baina ya wauzaji na wanunuzi, ambao vyombo huutekeleza kwa utiifu. Anayetaka kujua mfumo wa upimaji unamtumikia nani hana budi kusoma kwanza orodha ya bei.

7. Plastiki: adui asiyetarajiwa

Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 ufundi wa kuvuna ulileta tatizo jipya. Mashine mpya za kuvunia hufunga pamba shambani katika furushi la mviringo lenye uzito wa zaidi ya tani 2, lililovikwa utando wa plastiki, mara nyingi wa rangi ya manjano. Kazi ya shambani ikawa nyepesi, lakini vipande vya utando vilianza kuingia kinuni pamoja na pamba. Kipande kimoja kikipita kwenye misumeno huchanwa kuwa nyuzi ndogo nyingi, ambazo haziipokei rangi ya kitambaa na huonekana baada ya nguo kufumwa. Mwaka 2018 Wizara ya Kilimo ya Marekani ililazimika kuweka alama maalumu za kuonyesha robota lenye plastiki.

Huko Lubbock watafiti Mathew Pelletier, Greg Holt na John Wanjura walishughulikia tatizo hilo kwa kamera za rangi za bei nafuu, za jamii ya zile zilizomo katika simu za mkononi, pamoja na kompyuta ndogo. Kamera hizo hutazama mteremko ambao pamba hupitia kabla tu ya kuingia katika mashine ya kuchambua, mahali pa mwisho ambapo plastiki ingali kipande kizima. Rangi isiyo ya pamba ikionekana, hewa yenye msukumo mkubwa hufunguliwa kwa muda mfupi sana na kukipuliza kipande nje pamoja na pamba kidogo. Ugumu wake unaeleweka: kamera inayotafuta rangi huona plastiki ya manjano au ya waridi kwa urahisi, lakini nyeupe hufanana na pamba, na mpaka ukiwekwa mkali kupita kiasi, pamba yenye umanjano nayo hupulizwa nje. Hapa pia swali ni lile lile la kusafisha kiasi gani kabla hasara haijazidi faida.

8. Hitimisho

Imeonekana kwamba vihisi vya unyevu na kamera za rangi na taka vimeusogeza upimaji wa pamba kutoka mwisho wa kazi hadi katikati yake, na kwamba thamani yao kubwa ni kumzuia fundi asitende zaidi ya lazima.

Mitambo iliyoelezwa haiwezi kuhamishwa ilivyo hadi Afrika. Pamba ya Afrika ya Mashariki na ya Kati huchumwa kwa mkono. Majani yake ni machache, na haihitaji mlolongo mrefu wa visafishi wala kompyuta ya kuchagua miongoni mwao. Adui zake ni wengine: nyuzi za magunia ya plastiki, na mchanga au maji yaongezwayo pale pamba inaponunuliwa kwa uzito pasipo kuangaliwa ubora. Lakini kanuni inahamishika. Kipimo rahisi cha unyevu penye mizani, kinachosomwa mbele ya muuzaji na mnunuzi pamoja, kingewalinda wote wawili: mnunuzi asinunue maji, na mkulima mwaminifu asilipwe sawa na aliyemwagia pamba yake maji. Katika mashauri ya safi na fifi hukumu ilikuwa ya upande mmoja kwa sababu jicho lilikuwa la upande mmoja. Tarakimu inayoonekana na wote huweza kubishaniwa na wote.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili ipo kazi nyingine. Lugha ina tayari pamba mbegu na pamba nyuzi, kuchambua na robota, unyevu na mng'ao. Istilahi hizo zimezaliwa mashambani, masokoni na vinuni, na zinatosha kubeba sehemu kubwa ya elimu hii. Zinazokosekana ni za madhara: nyuzi zilizokatwa, vifundo, upungufu wa uimara. Si ajabu, kwani mkulima hakuambiwa kamwe yaliyoipata pamba yake baada ya kuondoka penye mizani. Kumpa maneno hayo ni sehemu ya kumpa nafasi ya kuuliza.